Dambeli mbili, mkeka na daftari: mwongozo kamili wa kujenga misuli nyumbani

Chumba kimoja cha kupanga, kitanda upande huu, jiko la gesi upande ule, na katikati pamebaki mahali pa kutandika mkeka. Panatosha. Naanza na hilo kwa sababu vijana wengi wanaotaka kupiga chuma huamini ni lazima wapate kwanza ada ya jimu, na kwa imani hiyo mwaka unapita. Msuli hukua unapofanyishwa kazi mpaka karibu na mwisho wa uwezo wake, ukalishwa, ukapumzishwa, kisha ukaongezewa kazi kidogo. Yote hayo yanawezekana juu ya mkeka.

Wengi ninaowaona wakikata tamaa hawakukosa vifaa. Walinyanyua kilo zilezile, mara zilezile, kwa miezi 6, wakashangaa mikono imebaki vilevile. Kwa hiyo utaona nalitaja daftari karibu sawa na dambeli zenyewe. Nunua la kurasa 48 leo, kabla ya vyuma.

Afya kwanza

Ukiwa na presha, kisukari, tatizo la moyo, ngiri au maumivu ya mgongo ya muda mrefu, au ukiwa mjamzito au umejifungua karibuni, muone daktari kwanza. Hata kama hujioni na tatizo lolote, pita zahanati upimwe presha. Ni dakika chache, na presha ya kupanda mara nyingi haina dalili.

Kunyanyua mzigo huku umebana pumzi hupandisha presha ghafla. Jizoeze tangu siku ya kwanza: toa pumzi unaposukuma au kuvuta mzigo, ivute unapourudisha. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au maumivu makali ya kuchoma ndani ya kiungo, weka chini. Hilo si la kuvumilia.

Vyuma: vya dukani au vya kumimina mwenyewe

Ukinunua, nunua dambeli za kubadilisha sahani: fimbo fupi mbili, nati za kukaza, na sahani za kilo 1.25, 2.5 na 5. Dambeli ya kilo 5 isiyobadilika itakuwa nyepesi kwa miguu na mgongo wako baada ya wiki chache tu. Jumla ya kilo 20 inamtosha mwanamke au kijana mwembamba anayeanza. Mwanamume aliyezoea kazi za nguvu atafute kilo 30 hadi 40 kama mfuko unaruhusu. Za mtumba ni sawa kabisa, chuma hakichachi. Ila kagua mambo mawili. Tundu la sahani lilingane na unene wa fimbo. Za nyumbani huwa na milimita 25 hivi, za jimu kubwa 50. Na nati ikaze mpaka mwisho bila kuteleza, kwa sababu kuna mazoezi utakayofanya chuma kikiwa juu ya uso wako.

Huna fedha hiyo? Fanya kama jimu nyingi za mtaani zinavyofanya: mimina zege. Lita 1 ya zege ina uzito wa karibu kilo 2.4. Makopo mawili ya lita 1, moja kila ncha ya bomba la chuma, yanakupa dambeli ya karibu kilo 5. Makopo ya lita 2 yanakupa karibu kilo 10. Changanya saruji kipimo 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3. Kabla ya kumimina, mpe fundi achomelee vipande vya nondo kwenye ncha zote mbili za bomba ili zege lipate pa kushika, la sivyo kopo litaanza kuzunguka na siku moja litachomoka. Mimina upande mmoja, subiri siku 2 au 3, ndipo ugeuze umimine wa pili. Limwagilie maji siku 7, na usilipitishe juu ya kichwa kabla ya siku 28, muda ambao zege huwa limepata sehemu kubwa ya nguvu yake. Kisha peleka kila moja kwenye mizani ya muuza nafaka na uandike uzito wake kwa rangi. Zikitofautiana nusu kilo si neno. Zikitofautiana kilo 2, mwili utaegemea upande mmoja.

Na kama hata saruji ni mbali, chukua dumu la mafuta la lita 5. Likijaa maji ni kilo 5, likijaa mchanga mkavu ni karibu kilo 8. Maji yana faida ambayo hata sahani za dukani hazina: unaweza kuongeza nusu lita, yaani nusu kilo kamili, na mwili ukaipokea bila kushtuka. Dumu la lita 20 linafaa kabisa kwa mazoezi ya kuvuta na kuinama kwa nyonga, utakayoyaona hapa chini.

Uzito gani uanze nao

Seti ni mfululizo mmoja wa kunyanyua bila kupumzika. Marudio ni idadi ya mara ulizonyanyua ndani ya seti hiyo. Anza na uzito unaoweza kuunyanyua mara 8 hadi 12 kwa umbo safi, yaani mwili ukikaa sawasawa bila kupinda wala kurusha, na ukiuweka chini ujue ungeweza kuongeza marudio 2 au 3, si zaidi. Ukimaliza 12 bila uso kubadilika, ni mwepesi. Mgongo ukianza kupinda kwenye la 5, ni mzito.

Hapo kwenye "2 au 3" ndipo wengi wanapojidanganya bila kujua. Mgeni wa vyuma husikia moto kwenye msuli akadhani amefika mwisho, kumbe anayo mengine 6. Jipime hivi, kwa zoezi la kukunja mkono peke yake kwa sababu ni salama: amua kabla ya kuanza kwamba mwisho wako ni 10, kisha ukifika 10 endelea mpaka mkono ukatae kabisa kupanda. Ukifika 17, umejua kwamba siku zote ulikuwa ukiacha 7 mezani. Rudia kipimo hicho kila baada ya wiki 4.

Uzito wenyewe hauna namba takatifu. Tafiti zimeonyesha kwamba seti za marudio machache mazito na seti za marudio hadi 30 mepesi hukuza msuli karibu sawa, mradi zote zifike karibu na ukomo. Ni habari njema kwa mwenye dambeli ndogo.

Mazoezi 6 ya msingi

Dakika 5 za mwanzo pasha mwili: zungusha mabega, chuchumaa na kuinuka mara 15, tembea kwa kuinua magoti. Halafu kila zoezi zito lianze na seti moja nyepesi isiyoingia kwenye hesabu.

*Kuchuchumaa na dambeli kifuani.* Simamisha dambeli moja wima, ikumbatie kifuani kwa viganja viwili. Miguu upana wa mabega, vidole vimetazama nje kidogo. Shuka taratibu kama unayekwenda kukaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mpaka viwiko viguse upande wa ndani wa magoti. Magoti yafuate vidole, yasiangukie ndani. Visigino vikiinuka, weka kipande cha ubao chini yake mpaka vifundo vizoee. Inuka kwa kusukuma sakafu.

*Kuinama kwa nyonga.* Hili ndilo linalowashinda wengi, na ndilo linalojenga mgongo wa chini, makalio na nyuma ya mapaja. Mwangalie mama akifagia uwanja kwa ufagio mfupi: magoti yamelegea kidogo, makalio yamerudi nyuma, mgongo umenyooka kama ubao. Ndilo umbo lenyewe. Jifunze bila uzito kwanza. Simama hatua moja fupi mbele ya ukuta, uupe mgongo, kisha rudisha makalio nyuma mpaka yaguse ukuta bila kukunja magoti zaidi. Ukishaweza, sogea mbele kidogo, rudia. Halafu shika dambeli mbili mbele ya mapaja, ziteleze zikikaribia miguu mpaka chini kidogo ya magoti, utakaposikia nyuma ya paja inavutika. Rudi juu kwa kubana makalio. Ukisikia kazi yote iko kiunoni, dambeli zimekwenda mbali na miguu au mgongo umepinda. Jipige video kwa simu kutoka ubavuni. Itakuonyesha kosa ambalo hulisikii.

*Kuvuta kwa mkono mmoja.* Mkono wa kushoto kwenye kiti au ukingo wa kitanda, mgongo umelala sambamba na sakafu, dambeli ining'inie mkono wa kulia. Ivute kuelekea nyonga, si kuelekea kwapa, kama mtu anayevuta kamba ya jenereta lakini polepole. Tulia sekunde moja juu, shusha. Usizungushe kiwiliwili ili kusaidia. Mgongo mpana hujengwa hapa, na vijana wengi hulikwepa kwa sababu hawauoni mgongo kwenye kioo.

*Kusukuma ukiwa umelala sakafuni.* Huna benchi, na huhitaji. Kaa na dambeli juu ya mapaja, lala taratibu ukija nazo, kunja magoti. Viwiko visikae wazi kama msalaba. Viwe kati ya ubavu na bega, digrii 45 hivi. Shusha mpaka mikono ya juu iguse mkeka, tulia, sukuma. Sakafu inazuia bega lisishuke kupita kiasi, ndiyo maana nalipendelea kwa anayeanza. Dambeli zikiwa nyepesi sana kwa kifua chako, ongeza seti 2 za pushapu.

*Kusukuma juu ya kichwa.* Simama au kaa kwenye kiti imara. Bana makalio na tumbo, anza dambeli zikiwa usawa wa masikio, sukuma hadi mikono inyooke. Kiuno kisijikunje kwa nyuma. Na tazama dari kabla hujaanza; feni inayozunguka na dambeli havipatani.

*Hatua ya nyuma.* Dambeli mkononi kila upande, rudisha mguu mmoja nyuma, shuka mpaka goti la nyuma likaribie mkeka, rudi. Maliza mguu mmoja kabla ya mwingine. Ukiyumba, anza kwa kushika ukuta.

Kukunja mkono kwa ajili ya baisepsi (msuli wa mbele wa mkono wa juu), kunyoosha mkono nyuma ya kichwa kwa ajili ya traisepsi (msuli wa nyuma wa mkono huo), na kuinuka kwa vidole vya miguu kwa ajili ya shavu la mguu, hayo ni ya mwisho na yanaeleweka yenyewe. Shusha polepole tu, usirushe.

Ratiba ya wiki

Fanya siku 3, na kati yake uweke angalau siku moja ya kupumzika: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa mfano. Kuna vipindi viwili vinavyopokezana. Wiki hii A, B, A. Ijayo B, A, B.

Kipindi A: kuchuchumaa seti 3, kusukuma sakafuni seti 3, kuvuta kwa mkono mmoja seti 3 kila mkono, kukunja mkono seti 2, kuinuka kwa vidole seti 2.

Kipindi B: kuinama kwa nyonga seti 3, kusukuma juu ya kichwa seti 3, kuvuta kwa mkono mmoja seti 3 kila mkono, hatua ya nyuma seti 2 kila mguu, kunyoosha mkono nyuma ya kichwa seti 2.

Marudio ni 8 hadi 12, na 10 hadi 15 kwa yale madogo ya mikono na shavu la mguu. Pumzika dakika 2 baina ya seti za mazoezi makubwa, dakika 1 kwa madogo. Wiki 2 za mwanzo fanya seti 2 tu kila zoezi, hata kama unajisikia una nguvu. Anayejimaliza siku ya kwanza huamka hawezi kushuka ngazi, na mara nyingi haonekani tena kwenye mkeka. Kipindi kizima kisizidi dakika 50.

Kuvuta nimekuweka mara mbili kwa makusudi. Kutwa tunainamia simu na kompyuta, na mabega yamekuja mbele.

Daftari

Mwaka 1945, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alichapisha matokeo ya kutumia mizigo mizito iliyoongezwa hatua kwa hatua kuwatibu wanajeshi walioumia, wakati madaktari wengine walikuwa wakiwapa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi. Aliwafanyisha seti za marudio 10, na baadaye akaona seti 3 zinatosha. Mazoea ya "tatu mara kumi" yanayosikika kila jimu yametokana kwa sehemu kubwa na kazi yake. Kinachosahaulika ni kile kilicholeta mabadiliko: mzigo ulipandishwa kadiri msuli ulivyopata nguvu, na ulipimwa.

Andika hivi, mstari mmoja kwa kila zoezi: "Kuchuchumaa, kilo 10: 12, 10, 9." Kipindi kinachofuata cha aina hiyo, kazi yako ni kuushinda mstari huo hata kwa rudio moja: 12, 11, 9 ni ushindi. Seti zote 3 zikifika 12, ongeza uzito mdogo kabisa ulio nao, rudi kwenye 8, uanze kupanda upya.

Kuna mtego kwenye dambeli ndogo. Kutoka kilo 5 hadi 7.5 ni kuongeza nusu nzima ya mzigo, na bega haliwezi kuipokea ghafla. Kwa mabega na mikono, panda kwanza hadi marudio 15 au hata 20 kabla ya kubadilisha sahani. Na uzito wote ulio nao ukiisha, njia bado zipo: shusha kwa sekunde 4, tulia sekunde 2 pale pagumu, au fanya kwa mguu mmoja kile ulichofanya kwa miwili. Yote hayo yaandikwe, maana kilo 10 za kushusha polepole si sawa na kilo 10 za haraka.

Vipindi 3 mfululizo bila kuongeza chochote? Tazama kwanza usingizi na chakula. Vikiwa sawa, chukua wiki moja ya kufanya nusu ya seti zako, kisha urudi.

Chakula kutoka sokoni

Msuli hujengwa kwa protini. Kipimo kizuri kwa anayefanya mazoezi ni gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji karibu gramu 96. Inaonekana nyingi mpaka uihesabu kwenye sahani. Mayai 2, gramu 12. Glasi ya maziwa, 8. Vikombe 2 vya maharage yaliyopikwa, 30. Dagaa wakavu gramu 50, angalau 25. Karanga konzi moja, kama 8. Ugali wa gramu 200 za unga wa dona, karibu 15. Jumla ni 98, na hujagusa nyama wala unga wa protini wa kopo.

Nawasifu dagaa kwa dhati. Wakiwa wakavu, nusu au zaidi ya uzito wao ni protini, wanakaa bila friji, na wanauzwa kwa kipimo unachokimudu. Mahindi na maharage nayo hukamilishana: sehemu ya protini iliyo chache huku hupatikana kule, kwa hiyo makande ni chakula cha mnyanyua chuma hasa.

Ukiwa mwembamba, ongeza chakula kidogo juu ya kawaida yako: kipande cha chapati na karanga, au uji wenye maziwa jioni. Lenga kuongezeka karibu kilo 1 kwa mwezi. Zaidi ya hapo sehemu kubwa itakuwa mafuta. Ukiwa na kitambi, usiongeze. Punguza soda, sukari ya chai na vya kukaangwa, shikilia protini, na utajenga msuli huku tumbo likipungua, jambo ambalo kwa anayeanza linawezekana kabisa.

Kati ya virutubisho vya dukani, kimoja chenye ushahidi mzuri ni kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, na hata hicho si lazima. Sindano na vidonge vya homoni vinavyouzwa kwa kunong'onezana, kaa navyo mbali. Hupunguza korodani, huweza kuharibu uzazi, na huumiza moyo na ini la kijana ambaye miezi 6 ya dagaa na daftari ingempa mwili anaoutafuta. Dada zangu wanaoogopa kuwa na mwili wa kiume kwa kilo 10 za chuma watulie: homoni inayoleta misuli mikubwa hivyo wanayo kidogo sana.

Maumivu, usingizi na mwezi wa Ramadhani

Misuli kuuma siku ya pili na ya tatu ni kawaida, na hupungua kadiri unavyozoea. Kipindi kikifika na bado inauma kidogo, fanya tu. Kutembea na kujipasha hulegeza. Lakini msuli ukivimba na kukakamaa, na mkojo ukawa mweusi kama kola, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ni dalili kwamba msuli umeharibika kiasi cha kuumiza figo, na huwapata hasa waliokazana kupita kiasi mwanzoni.

Lala kwa muda wa saa 7 hadi 9 kila usiku. Nimeona watu wakihangaikia sekunde za kupumzika baina ya seti huku wakipata usingizi wa saa 5 tu kwa sababu ya simu.

Ukifunga Ramadhani, sogeza kipindi baada ya futari nyepesi, saa 1 au 2 baadaye, au baada ya tarawehe. Punguza seti hadi 2, shikilia uzito uleule, gawa protini kati ya futari na daku, na kunywa maji kidogo kidogo usiku kucha. Kulinda msuli kunahitaji kazi ndogo kuliko kuujenga, kwa hiyo mwezi huo hautakurudisha nyuma.

Wiki ya 12

Wiki 4 hadi 8 za mwanzo nguvu itapanda haraka kuliko umbo, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli uliyokuwa nayo. Wengi huacha hapo, wakidhani hakuna kinachotokea. Piga picha siku ya kwanza, mwanga uleule, dirisha lilelile, na upime mkono, kifua na paja kwa futi ya fundi cherehani. Usitazame tena mpaka wiki ya 8, kisha ya 12.

Wiki ya 12 ikifika, fungua ukurasa wa kwanza wa daftari na wa mwisho, uviweke sambamba. Zoezi lililopanda vizuri liache kama lilivyo. Lililokwama lipe seti moja zaidi, au badilisha namna yake: kusukuma sakafuni kuwe pushapu miguu ikiwa juu ya kitanda, kuchuchumaa kuwe kwa mguu mmoja, mwingine ukiwa umewekwa kwenye kiti nyuma yako. Na kama kuinama kwa nyonga na kuvuta vimemaliza kilo zako zote, huo ndio wakati wa kutafuta sahani nyingine mbili za kilo 5, au kumwita tena fundi mwenye saruji.